Mnyonge asiyejua kupigana naye ana haki yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie aina moja ya hadithi ambayo imeenea mno katika simu za vijana wetu hapa Lamu, na ambayo kwa maoni yangu inawafundisha jambo ambalo sisi wazazi na walimu hatukukusudia wafundishwe. Ni hadithi ya mwonevu aliyemvamia mtu asiyemjua. Kijana jeuri anamsukuma mzee anayefagia sokoni, anakimwaga kikapu chake, anamtukana mbele ya watu, na wenzake wanacheka. Kisha mzee anaulaza ufagio chini taratibu, na kumbe alikuwa komando wa jeshi, au bingwa wa karate, au ndiye mwenye soko lenyewe. Haupiti muda yule kijana yuko mavumbini akiomba msamaha. Vichekesho na michezo ya namna hii huigizwa kwa lugha nyingi, huwekewa muziki wa kusisimua, na hupita kutoka simu moja hadi nyingine, tangu baraza za Mkomani hadi gati la Shela.

Sikatai kwamba hadithi hizi zina utamu. Mtu aliyewahi kudhulumiwa, na ni wachache wasiowahi, hupata faraja anapomwona dhalimu amekutana na anayemweza. Wahenga waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, walikuwa wakiionya tabia hii hii ya kumpima mtu kwa macho na kumdharau.

Wala mambo haya si ya kubuni yote. Januari 2019, mjini Rio de Janeiro, mwanamume mmoja alimkaribia mwanamke aliyekuwa nje ya makazi yake akisubiri gari, akamtaka simu na kumwonya asijaribu lolote kwa kuwa yeye ana silaha. Mwanamke huyo alikuwa Polyana Viana, mpiganaji wa kulipwa katika UFC, mashindano ya mapigano ya ngumi, mateke na mieleka. Alimpiga ngumi mbili na teke, akamkaba shingo na kumshikilia mpaka polisi walipofika, na ile bastola ikaonekana kuwa ni kadibodi iliyokatwa. Picha ya uso wa mwizi yule ilizunguka dunia. Katika historia ya kale, mwaka 75 kabla ya Kristo, maharamia walimteka baharini kijana wa Kirumi aliyeitwa Julius Caesar. Walipotaja fidia ya talanta 20, kipimo cha kale cha fedha, aliwacheka kwa kutojua thamani yake, akawaambia wadai 50. Alikaa nao siku 38, akiwaamuru wanyamaze kila alipotaka kulala, na akiwaahidi kwamba akiachiliwa atarudi awasulubishe. Wao walidhani ni mzaha wa kijana. Fidia ilipolipwa alikusanya merikebu, akawafuata, akawakamata na kuitimiza ahadi yake.

Katika bahari yetu wenyewe mambo kama hayo yametokea watoto wetu wakiwa hai. Oktoba 2009, usiku, maharamia wa Kisomali waliifuata La Somme wakidhani ni meli ya mizigo, kumbe ni meli ya jeshi la wanamaji la Ufaransa; watano wakakamatwa. Tarehe 1 Aprili 2010 wengine waliishambulia kwa risasi USS Nicholas, manowari ya Marekani, kwa kosa lile lile la kutotambua gizani. Wanaume watano walipelekwa mahakamani Norfolk, katika jimbo la Virginia, na Machi 2011 wakahukumiwa kifungo cha maisha na miaka 80 juu yake. Hadithi hii ilisimuliwa sana kwenye baraza, na kila aliyeisimulia aliimaliza kwa kicheko.

Lakini wiki ile ile, siku tatu kabla ya shambulio la Nicholas, maharamia wengine waliiteka meli ya mizigo iliyoitwa MV Iceberg 1 karibu na Aden. Ndani yake hamkuwa na mizinga wala askari. Mlikuwa na mabaharia 24 kutoka Yemen, India, Ghana na nchi nyingine, watu waliotoka kwao kutafuta riziki kama wanavyotoka vijana wetu. Walishikiliwa karibu miaka mitatu. Walipookolewa Desemba 2012, walikuwa wamesalia 22. Nani amewahi kuisimulia habari hii barazani? Haina pale mahali ambapo mnyonge anavua koti na kumbe ni simba. Waliotekwa walikuwa vile vile walivyoonekana, yaani watu wa kawaida wasio na silaha, na kwa sababu hiyo tukawasahau, ingawa dhuluma waliyotendewa ilikuwa kubwa mara elfu kuliko ile waliyotaka kutendewa askari wa manowari.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya hadithi hizi, nami naomba wasomaji wako waitafakari pamoja nami. Zinamwambia mtoto kwamba kosa la mwonevu lilikuwa kuchagua vibaya. Hazisemi kwamba kumsukuma mzee mfagizi ni uovu hata kama mzee huyo ni mfagizi tu, hajawahi kushika bunduki wala kumiliki kibanda. Heshima yake inarudishwa pale tu anapogunduliwa kuwa mtu mwingine. Laiti angebaki kuwa mfagizi, mchezo ungekuwa umekwisha akiwa ameinama kuokota vitu vyake, na watazamaji wangeendelea na video nyingine. Na mwonevu anayeitazama hadithi hiyo hapati sababu ya kuacha uonevu wake. Anapata sababu ya kuchagua kwa uangalifu zaidi, kama mnunuzi anayemfunua samaki mashavu kabla ya kutoa pesa. Atamwacha mwenye kaka polisi, atamwacha mwenye mabega mapana, na atamwendea yule ambaye amekwisha kuhakikisha kwamba hana mtu.

Mtoto anayeonewa naye anajifunza lake, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Anajifunza kwamba ili aachwe ni lazima awe wa kuogopwa. Kila mwaka watoto wetu kutoka Faza, Siyu, Kizingitini na sehemu nyingine za visiwani huvuka maji kwenda shule za bweni za bara, na walimu tunajua yanayowapata wanafunzi wapya katika baadhi ya mabweni: kufulishwa nguo za wakubwa, kunyang'anywa sabuni na sukari, kuamshwa usiku wa manane na kupigwa. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, mvulana mmoja mpole, mtoto wa fundi wa majahazi, alikutwa na kisu cha kuparia samaki chini ya godoro lake. Hakuwa amemgusa mtu. Alipoulizwa alijibu kwamba alitaka na wao wamwogope. Alikuwa amekwisha kulalamika kwa kiranja wa bweni na akaambiwa awe mwanamume. Uongozi ulimfukuza yeye kwa sababu ya kisu, jambo ambalo kwa mujibu wa kanuni lilieleweka, lakini waliokuwa wakimpiga kwa muhula mzima walibaki darasani wakafanya mtihani wao. Mtoto yule aliishi ndani ya hadithi tunayoipenda, akitafuta siri ya hatari ambayo hakuwa nayo, na hakuna kumbe iliyokuja kumwokoa.

Kwa hakika tunapaswa pia kuwaambia vijana kwamba sheria haiitambui sehemu ya mwisho ya video zile. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamruhusu mtu kujitetea, lakini kwa kanuni zinazotaka nguvu atakayotumia ilingane na hatari iliyomkabili. Anayeendelea kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka na kuomba msamaha hajitetei tena. Analipiza kisasi, na anaweza kushtakiwa yeye. Watazamaji wanaopiga makofi hawaambiwi hayo.

Nilipoyasema haya kwa mwalimu mwenzangu mmoja, alinijibu kwamba mtu wa Lamu hana haki ya kuzilaumu hadithi hizi, kwa kuwa mji wetu wenyewe umejengwa juu ya moja ya hizo. Alikusudia vita vya Shela, vilivyopiganwa takriban mwaka 1812. Pate, mji wa kisiwa jirani, ikisaidiwa na Wamazrui waliotawala Mombasa, ililileta jeshi lake Shela ikiiona Lamu kuwa mji utakaomezwa kwa siku moja. Ilikuwa enzi ya kejeli kubwa baina ya miji hii, ambapo Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi makali. Watu wa Lamu walitoka wakawakabili wavamizi mchangani. Wavamizi waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walikuta maji yamekupwa na vyombo vimepwelewa, na wengi wao wakauawa pale pale ufukweni ambapo leo wageni huota jua.

Ni kweli, na mimi ninajivunia ushindi huo kama kila mwana wa mji huu. Lakini namwomba mwenzangu aisome habari yote mpaka mwisho wake, kwa sababu yanayofuata ndiyo ambayo video haziyaonyeshi kamwe. Watu wa Lamu hawakulala usingizi mzuri baada ya Shela. Walijua kwamba aliyeshindwa na kuaibishwa hurudi na wenzake, na kwa hofu ya kisasi walimpelekea ujumbe Sayyid Said, mtawala wa Oman, kuomba ulinzi. Alileta mwakilishi wake na askari, na ngome tunayoipita kila siku pale Mkunguni ikakamilika takriban mwaka 1821. Mombasa nayo ilianguka mikononi mwake mwaka 1837. Mji uliomshinda mbabe ulilazimika kumkaribisha mkubwa zaidi ili uwe salama, na mambo yake hayakuwa tena mikononi mwake wenyewe. Sisemi kwamba wazee wetu walikosea kupigana. Aliyevamiwa nyumbani kwake hana la kufanya ila kupigana. Nasema kwamba hata waliokuwa na nguvu iliyofichika, walioshinda ushindi mkubwa ambao pwani hii inaukumbuka, walihitaji jambo jingine zaidi ya nguvu ile ili watoto wao walale.

Tena tunayo masimulizi yetu ya kale ambayo yanaliona jambo hili kwa undani kuliko michezo ya simu. Nani asiyemjua Fumo Liyongo katika pwani hii ya Pate, Ozi na Kipini? Kama kulikuwa na mtu hatari ambaye hakupaswa kuchokozwa, alikuwa yeye. Hata hivyo masimulizi yanatuonyesha shujaa huyu akiwa gerezani, amefungwa minyororo, na nguvu zake zote hazimfai kitu. Anayemletea chakula ni kijakazi aitwaye Saada, na askari wa mlangoni humnyang'anya kila kizuri anachokileta na kukila wao. Huyo ndiye mwonewa wa kila siku katika simulizi lile, msichana asiye na cheo, asiye na upanga, anayepita mbele ya watu wenye silaha akijua watamdhulumu. Liyongo anampa maneno kwa wimbo ampelekee mama yake; mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani; askari wanautazama mkate na kuudharau, kwani nani atakula wishwa, wanamwacha Saada apite nao. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, na vishindo vya wapigaji vinaifunika sauti ya tupa inayokata pingu.

Mhariri, naomba tulitazame vizuri simulizi hili. Shujaa mkuu wa Waswahili aliokolewa na mama, na kijakazi, na watu waliokuwa wakipiga ngoma nje. Saada hakugeuka kuwa mtu mwingine mwishoni. Hakuwa komando. Alibaki kuwa Saada, na kizazi baada ya kizazi kimelihifadhi jina lake. Wazee waliotuachia simulizi hili walielewa kwamba mwenye nguvu akiwa peke yake hufungwa, na kwamba asiye na nguvu anaweza kumfungua. Mimi sijaona hata video moja kati ya zile ninazoonyeshwa ambayo imempa mtu kama Saada nafasi.

Na hapa nataka kusimama kidogo juu ya wale wanaosimama pembeni, kwa sababu katika michezo ile wao ndio wengi na wao ndio wasiolaumiwa. Kijana anapomwaga kikapu cha mzee, kuna watu kumi wanaotazama. Wengine wanacheka, wengine wameinua simu. Mzee anapojitokeza kuwa bingwa, watu wale wale wanashangilia, na hadithi inawahesabu kuwa upande wa haki. Haiwaulizi walikuwa wapi dakika moja iliyopita. Watafiti waliowachunguza watoto wa shule mjini Toronto kwa kamera na vinasa sauti, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, waliona kwamba watoto wengine walikuwapo katika matukio 88 kati ya kila 100 ya uonevu, lakini waliingilia kati katika matukio 19 tu. Waliloligundua baada ya hapo ndilo ninalotamani libandikwe katika kila bweni: mtoto alipoingilia, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10 katika zaidi ya nusu ya mara hizo. Watoto hao hawakuwa mabingwa wa kitu chochote. Walikuwa wenzao wa darasa moja waliosema basi, mwacheni. Nchini Ufini, Chuo Kikuu cha Turku kiliunda mpango wa shule uitwao KiVa, ambao sehemu yake kubwa ni kuwafundisha watazamaji hao wasimpe mwonevu kicheko anachokitafuta, na umetumiwa katika shule nyingi za nchi hiyo.

Sisi hatuhitaji kusubiri mpango kutoka Ufini. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 28, inasema kwamba kila mtu ana utu wa asili na ana haki utu huo uheshimiwe na kulindwa. Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya kila namna ya ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa kiakili. Katika vifungu vyote hivyo hakuna mahali palipoulizwa kama mtu anayelindwa anajua kurusha ngumi. Ndivyo pia tulivyofundishwa na wazee, kwamba mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Anapewa akiwa mnyonge, wala hasubiri kwanza tumgundue kuwa jabali. Mtoto anayepigwa, au rafiki yake, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo na akasikilizwa. Nawauliza walimu wakuu wa kaunti hii: namba hiyo imeandikwa wapi katika shule zenu, na je, iko mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana na wale anaowaogopa?

Kwa upande wako, Mhariri, ninalo ombi. Gazeti lako huchapisha hadithi za watoto, na najua kutokana na wajukuu zangu kwamba zinasomwa. Naomba uwaalike wanafunzi wakuandikie habari za uonevu ambazo ndani yake hakuna bingwa aliyejificha. Waandike juu ya mtu aliyeonewa akiwa hivyo alivyo, na juu ya yule aliyesogea karibu naye. Vijana wetu wanaotengeneza michezo kwa simu nao ni hodari, nimewaona wakirekodi kwenye vichochoro vya Langoni kwa ustadi mkubwa, na sioni kwa nini wasimpe Saada wa leo mchezo mmoja.

Ukikubali, nitakutumia habari ya kwanza mimi mwenyewe. Inahusu wasichana wawili wa darasa la sita, wembamba wote wawili, ambao mwenzao alikuwa akingojwa na wavulana katika kichochoro kimoja kila alasiri akienda madrasa. Hawakumwambia yeyote kwamba watapigana, na wasingeweza. Walianza kumpitia nyumbani kwao wakatembea naye, mmoja kulia na mmoja kushoto, na siku ya pili wakamwomba fundi viatu aliyekuwa na kibanda pembeni mwa kichochoro kile ahamishie kiti chake nje wakati huo wa alasiri. Fundi alikubali. Wavulana wale walikuja mara chache zaidi, kisha hawakuja tena. Habari nzima haihitaji zaidi ya nusu ukurasa wa gazeti lako, nami niko tayari kuileta kwa mkono kwa wakala wako hapa mjini kabla ya shule kufunguliwa.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu